Kutafsiri lugha za huku Kigoma inaweza kuwa biashara kweli, au ndo ntaendelea kulipwa soda na chapati?

Binti wa Gungu

Habari zenu wakuu. Mie nipo Kigoma mjini, Gungu, umri 27. Mama ni Muha wa Kasulu, baba watu wake ni Wabembe wa ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo nimekulia kwenye nyumba ambayo bibi anagomba kwa Kiha, mashangazi wanateta kwa Kiswahili cha Kongo, alafu ukirudi shule mwalimu anakuchapa kwa Kiswahili sanifu. Kirundi nimekiokota tu maana ukishajua Kiha umefika zaidi ya nusu ya safari. Kifaransa ni cha kuombea maji.

Mwaka wa nne huu naitwa na mashirika na maofisi kuwatafsiria. Semina, mikutano ya kijiji, vipeperushi, siku nyingine nashika kipaza sauti kwenye gari la matangazo. Malipo wanaita "posho ya usafiri", elfu kumi, ikizidi sana elfu ishirini, na soda. Mtu aliyetoka Dar na vipeperushi vyake analala hoteli ya kuangalia ziwa, mie niliyeongea siku nzima mpaka koo limekauka napanda bodaboda narudi Gungu.

Sasa kilichonichosha ni hiki. Kuna shirika moja (silitaji) walikuja na ujumbe wa kipindupindu umeshaandikwa hukohuko walikotoka, mie nisome tu. Kuna mstari unasema "Acheni kukimbilia kwa waganga, wahini kituo cha afya". Nikawaambia jamani, hapa Kibirizi mwaloni nusu ya akina mama wametoka Kongo au wamezaliwa na watu wa Kongo, kwao munganga ni daktari, daktari kabisa wa koti jeupe. Kaka mmoja akanijibu ujumbe umeshapitishwa, haubadiliki. Basi nikausoma kama ulivyo. Hatujamaliza hata mzunguko wa pili mama mmoja muuza mawese, kidumu kichwani, akanisimamisha: "Sasa munakataza batu kwenda kwa munganga, tukufe?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila nilirudi nyumbani nimeumia maana yule mama hakuwa anatania.

Juzi nimesoma habari za dada mmoja Mlatino huko Marekani, yaani wale wenye asili ya nchi za Amerika zinazoongea Kispania, mhamiaji, amejenga kampuni yake ya mawasiliano kwa kujua lugha na mila za watu wake, mashirika makubwa yanamlipa, na hapohapo ni mtetezi wa jamii yake, anaingia kwenye vikao kuwasemea. Nikajiuliza kwa nini sio mimi. Nina maswali mawili. Hii kitu kwa Kigoma inawezekana au najidanganya? Na la pili ndo linaninyima usingizi, shangazi kaniambia ukianza kutoza hela kwa kuwasemea watu wako wataona umewauza. Mnaonaje?

dagaa_mkavu

Dada yangu Marekani sio Kigoma. Kule Mlatino anauza matangazo ya magari, wewe utauza tangazo la nini, dagaa? Dagaa hawahitaji tangazo, wakishuka kwenye boti harufu yenyewe inatangaza 😂

Ila hoja ya lugha naikubali. Si mnajua ile ya gari la Chevrolet Nova, wakalipeleka kwa Wahispania halikununuliwa kabisa maana "no va" kwa Kispania ni "haliendi". Wazungu walipata hasara kisa hawakuuliza mtu kama wewe.

Msafiri TBR

@dagaa_mkavu hiyo ya Nova kila mwalimu wa masoko anaifundisha na ni hadithi ya uongo, gari liliuzwa vizuri tu Mexico na Venezuela. Mhispania akisikia "nova" hasikii "no va", kama wewe ukisikia neno "karanga" husikii "ka" na "ranga". Tusimpe dada mfano wa kupika, akienda nao kwenye kikao mjuaji mmoja atamuumbua.

Ya kweli ipo na ni nzuri zaidi. Miaka ya tisini bodi ya wasindika maziwa ya California walikuwa na tangazo maarufu sana, "got milk?", yaani maziwa unayo? Vichekesho vya watu wameishiwa maziwa na keki mdomoni. Wakataka kupeleka kwa Walatino. Ukilitafsiri neno kwa neno kwa Kispania linakaa kama unamuuliza mama kama ana maziwa kifuani. Hilo tu ni aibu, lakini aliyewaokoa, mama mmoja mzaliwa wa Venezuela anaitwa Anita Santiago aliyekuwa na wakala wake wa matangazo hukohuko California, aliona kitu cha ndani zaidi. Kwamba kwa mama wa Kilatino kuishiwa maziwa nyumbani sio kichekesho, ni fedheha, ni kusema umeshindwa kulisha watoto. Kwa hiyo wakaachana na utani wote, wakaleta bibi anapika jikoni na familia yake, na swali likawa kama hivi: na wewe mama, leo umewapa maziwa ya kutosha? Umeona hapo? Hakutafsiri. Alikataa wazo lao akawapa lingine. Ndo hicho ulichojaribu kufanya na waganga, tofauti yeye alikuwa na kampuni na wewe ulikuwa na posho ya usafiri, mwenye posho hasikilizwi.

Mie nipo Tabora, nimefanya kazi miaka kadhaa upande wa Ulyankulu kule kwenye makazi ya Warundi waliokuja 1972. Wengi saa hizi ni raia, wale laki moja na elfu sitini na kitu waliopewa uraia, lakini nyumbani Kirundi ndo kinapika ugali. Kuna mradi mmoja ulikuja na bango la PANDA MITI, kijana aliyepewa kutafsiri hajui Kirundi vizuri akaona "miti" akaandika "imiti". Imiti kwa Kirundi ni dawa, mti ni igiti, miti ni ibiti. Mzee mmoja alikuja mpaka ofisini kavaa koti lake la Jumapili anauliza hiyo dawa inagawiwa lini na kila kaya chupa ngapi. Tulikuwa na miche ya mikaratusi elfu tatu inakauka uani, na mzee anasubiri dawa.

Kuhusu swali lako la pili, la kuuza watu. Nenda kasome historia ya hao Walatino vizuri, utaona utetezi ndo uliozaa soko, haukuja baadaye kama pambo. Zamani Marekani walikuwa hawajulikani hata wapo wangapi. Wanaharakati wao wakapiga kelele, mpaka sensa ya 1980 ndo ikaweka swali la asili ya Kihispania kwa kila mtu, wakatoka kama milioni 14 na nusu. Sensa ya 2020 ni milioni 62. Na 1975 sheria ya haki ya kupiga kura ikaongezwa kipengele, sehemu zenye wapiga kura wengi wa lugha nyingine lazima karatasi na maelekezo yawe kwa lugha yao pia. Sasa fikiria kazi kiasi gani ilizaliwa hapo kwa mtu anayejua Kispania. Aliyekuwa na namba mkononi ndo aliyeweza kwenda kwa kampuni kubwa akasema watu wangu wako wangapi, wananunua nini, na hamuongei nao.

Mwingine mtafute Tere Zubizarreta. Mkimbizi wa Cuba, kafika Miami akaanza na ukatibu kwenye ofisi ya matangazo, kupiga chapa barua za wenzie. 1976 akafungua ya kwake, Zubi Advertising, baadaye Ford wakawa wateja wake, na alipofariki 2007 watoto wake wakaendelea nayo. Alianza na taipureta na watu aliowajua. Wewe una simu na lugha nne.

Ushauri wangu mmoja: kahesabu watu wako. Kabla ya kusajili jina BRELA, kabla ya nembo, kahesabu.

Mama Two Kasulu

Mwanangu nimesoma nikajiona miaka kumi iliyopita.

Mei 2015 nilikuwa Kagunga. Wasiojua, Kagunga ni kijiji kipo mpakani kabisa na Burundi, mbele ziwa nyuma mlima, gari ilikuwa haifiki. Warundi wakakimbia machafuko yao wakajazana pale ufukweni maelfu kwa maelfu, hakuna choo, maji ni ya ziwa, kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inawachukua kuwaleta Kigoma, na kwa sababu pale palikuwa hakuna gati watu wanapelekwa kwa mitumbwi mpaka kwenye meli, wanapandishwa na watoto mgongoni. Mie nilikuwa nasaidia kueleza tu, nani apande kwanza, maji gani ya kunywa, mgonjwa alazwe wapi. Kiha changu cha Heru Juu na Kirundi chao tulielewana. Nilichokiona ni kwamba mtu mwenye hofu hasikii tangazo. Anasikia sauti inayofanana na ya mama yake. Tulitangaza kwa spika hawakuja, nikakaa chini mchangani na bibi mmoja nikamuuliza ametokea kilima gani, akanitajia, nikamwambia naye majirani zake wengine wapo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu zamani, akasimama, na nyuma yake wakasimama kama thelathini. Hiyo kazi hakuna aliyenilipa na siku ile nisingedai, Mungu anajua.

Lakini siku zile ziliisha. Dharura ikiisha wanabaki wenye mishahara na wewe wa posho. Nilikaa miaka mitatu nafanya kazi ya ofisa kwa jina la "mhamasishaji jamii wa kujitolea". Kwa hiyo mwambie shangazi, kwa heshima zote, kwamba kuuza watu ni kusoma ule mstari wa waganga huku unajua ni kosa, kisa umepewa elfu kumi. Samahani kama nimekugusa lakini ndivyo.

Ila nami nina wasiwasi ambao @Msafiri TBR hajausema. Hao Walatino wa Marekani, wanaowafuata kwa Kispania kizuri sio Ford peke yake. Kampuni za sigara na za bia nazo ziliingia kwenye mitaa yao, mabango, matamasha, udhamini, kila kitu kwa lugha ya mama. Ukishakuwa mlango wa kuingilia kwa watu wako usidhani watagonga wema tu. Kigoma ya leo unajua watakaogonga ni nani? Kausha damu. Wale wa mikopo ya wiki kwa wiki wanaobeba masufuria ya akina mama. Watakuja na milioni mbili wanataka tangazo tamu kwa Kiha, sauti yako ile ambayo akina mama wa mwaloni wanaiamini. Utafanyaje? Jibu hilo kabla hujajibu la bei.

dagaa_mkavu

Mama Two umetupiga na mchanga wa macho. Naondoa utani wangu wa kwanza.

Fundi Rejista

Mie siko kwenye mambo ya hisia, nipo kwenye makaratasi. Dada, sajili jina la biashara BRELA, mtandaoni, huna haja ya kwenda Dar wala kumpa mtu "wa ndani". TIN, namba ya mlipa kodi, ni bure, TRA Kigoma unamaliza. Leseni ya biashara pale manispaa. Wakikulipa kama mtoa huduma watakata asilimia 5 kodi ya zuio, usigombane nao, ila DAI CHETI cha hiyo asilimia 5 maana mwisho wa mwaka inapunguza kodi yako, wengi hawadai wanaliwa mara mbili. Ukitaka kazi za serikali jisajili NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni. Ukiwa na wenzako wanawake unda kikundi mwende kwenye mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, fungu la wanawake ni asilimia 4, hauna riba, ila andaeni andiko la maana sio la kunakili stationari.

Redio usiitegemee sana kwa kilugha, vituo vinaendeshwa kwa Kiswahili, labda utengeneze kwa Kiswahili cha huku chenye maneno ya watu. Kazi yako itakuwa spika, mikutano, klipu za WhatsApp na kuwapitia wenzio maandishi kabla hayajachapwa. Hiyo ya mwisho ndo yenye hela na ndo haina vumbi.

Bei: usiseme "nitafsirie kwa elfu kumi". Tenganisha. Kutafsiri ukurasa, bei yake. Kujaribisha ujumbe kwa watu kumi kabla ya kuchapa, bei yake. Siku ya kutangaza, bei yake. Wakiona mistari mitatu kwenye ankara wanaelewa ni kazi.

Binti wa Gungu

Asanteni sana wakuu, nilikaa kimya wiki tatu sio kwa dharau, nilienda kuhesabu kama kaka wa Tabora alivyosema.

Nilikaa Kibirizi asubuhi nne, kuanzia saa kumi na mbili maboti yanapoingia mpaka saa nne jua linapokuwa kali dagaa wameshaanikwa. Nikachukua daftari la mdogo wangu la hesabu, kila mama ninayemsalimia naweka alama, kwanza kaniitikia kwa lugha gani, pili akigombana na mteja anagombana kwa lugha gani. Hiyo ya pili nilibuni mwenyewe na ndo imenipa ukweli! Kuitikia wote wanaitikia Kiswahili. Ila mtu akipunjwa ndoo ya dagaa hapo ndo utajua katoka wapi 😂 Kati ya akina mama 112 niliowaandika, 61 waligomba kwa Kiha, 29 kwa Kiswahili cha Kongo au Kibembe, waliobaki mchanganyiko na wachache Kirundi. Najua sio utafiti, ni mwalo mmoja na mimi na kalamu. Lakini nilipoingia nayo kwenye ofisi moja juzi, yule mkubwa ambaye siku zote ananiita "bibie wetu wa lugha" aliweka simu chini akasoma.

@Mama Two Kasulu umenigusa ndio, na ulistahili kunigusa. Nilirudi kumtafuta yule mama wa mawese. Anaitwa mama nani sitasema. Nikamwambia siku ile nilisoma nilichopewa, kwenda kwa daktari hakujakatazwa. Akaniangalia akasema alijua tu, maana mtoto wake alipoharisha alimpeleka palepale kituoni, ila jirani yake aliyesikia tangazo langu alisita mpaka usiku. Mtoto alipona. Nimekaa na hilo neno "alisita" mpaka leo.

Jina nimesajili. Ankara ya kwanza nimetuma ina mistari mitatu kama Fundi alivyosema, wakapunguza mmoja, huo wa kujaribisha kwa watu kumi. Nikawaambia huo ndo hautoki, bora tupunguze siku ya kutangaza. Wakakubali, kwa kununa.

Msafiri TBR

Eti wanagombana kwa lugha gani! Mdogo wangu hiyo ni akili, nakwenda kuiiba niitumie sokoni Tabora. Naomba ruhusa.

Binti wa Gungu

Iibe tu kaka, ila ukipata hela unanitumia ya vocha.

Mama Two Kasulu

Hujajibu langu. Kausha damu.

Binti wa Gungu

Mama nilikuwa nalikwepa 🙈 Wamekuja tayari. Sio milioni mbili, laki sita, klipu ya sekunde arobaini kwa Kiha na nyingine kwa Kiswahili cha Kongo. Laki sita kwangu ni kodi ya chumba miezi mingi, sitaki kujifanya mtakatifu hapa, usiku ule nilihesabu hiyo hela mara tatu kichwani.

Asubuhi nikawapigia nikasema nafanya, ila kwenye hizo sekunde arobaini riba itamkwe. Sio "masharti nafuu". Nitamke kwa Kiha mama akikopa laki moja kila Ijumaa analeta shilingi ngapi na mwisho atakuwa ametoa shilingi ngapi, na akichelewa kinachotokea ni nini. Yule dada wa kwenye simu akauliza kwani lazima hiyo iwe kwa Kiha, si inaweza kubaki kwenye fomu.

dagaa_mkavu

Fomu ya Kiingereza hiyo 😂😂 ukamjibuje?

Binti wa Gungu

Nikamwambia mama yangu hasomi fomu. Akasema atashauriana na Dar. Wiki ya pili hii, namba naiona iko hewani WhatsApp kila siku.